Bengamisa: Kompyuta ikiwa nzito, ipimwe kabla ya kufutwa

Katika Bengamisa, yapata kilomita 50 kutoka Kisangani kwenye barabara ya taifa nambari 4, kompyuta inapoanza kuwa nzito hukumu yake hutoka haraka. Kufungua faili moja kunachukua muda wa kuchemsha chai. Kunakili picha kwenye flashi kunasimama njiani, kishale kinaganda kwenye kioo, na mtu aliyekuja kuchapisha karatasi moja anabaki kwenye benchi huku jenereta ikinywa mafuta. Fundi anaitwa. Anatazama dakika mbili, anatikisa kichwa, kisha anasema: «Ni virusi. Tufomati.»

Si Bengamisa peke yake. Ni vilevile Banalia, Buta, na hata katikati ya Kisangani, kwenye nyumba zile ambazo watu huziita sekretaria, ambako wanafunzi hupigisha mashine TFC zao na wafanyabiashara hutoa fotokopi. Kufomati kumekuwa dawa ya kila ugonjwa. Wakati mwingine kunaponya. Lakini mara nyingi kunaondoka na orodha ya watoto waliochanjwa, hesabu za mnunuzi wa kakao, alama za wanafunzi za mwaka mzima. Na kuna kitu cha pili kinachopotea ambacho hakuna anayekililia: ushahidi. Diski ikishafutwa, hakuna tena anayeweza kujua kompyuta ilikuwa inaugua nini. Ugonjwa ukirudi baada ya miezi miwili, fundi anarudi na dawa ileile.

Desturi hiyo inafaa kuachwa. Uzito wa kompyuta una sababu, na sababu hiyo inaweza kutafutwa kwa saa ya simu, kalamu na daftari. Zaidi ya hapo, mara nyingine kosa haliko kwa mwenye kompyuta, wala kwa virusi, wala kwa diski. Liko ndani kabisa ya mfumo, mahali ambapo hata kampuni kubwa za dunia zimewahi kukosea, na zimerekebisha kwa sababu tu watu wa kawaida walipima na kuonyesha nambari.

Mtunza depo asiyeonekana

Ndani ya kila kompyuta na kila simu kuna programu moja inayozitawala zingine zote. Mafundi huiita kerneli, yaani kiini cha mfumo. Windows ina kerneli yake. Linux yenyewe ni kerneli, na ndiyo iliyo ndani ya simu zote za Android ambazo wakaaji wa Tshopo wanabeba mfukoni.

Kazi ya kerneli kuhusu diski inafanana na kazi ya mtunza depo la mazao. Hakuna mteja anayeingia mwenyewe ndani ya depo. Kila mmoja anafika dirishani na karatasi yake: «Nipe gunia hili», «Niwekee gunia lile». Mtunza depo ndiye anayejua njia za ndani, ndiye anayepanga nani ahudumiwe kwanza. Na ana ujanja wake: mteja akileta magunia mengi, anayapanga kwanza mlangoni, anamwambia mteja «imekwisha, nenda», kisha anayaingiza ndani taratibu. Kwenye kompyuta, mlango huo ni memori. Ndiyo maana kompyuta inaweza kuonyesha kwamba kunakili kumemalizika, kumbe sehemu ya faili bado haijafika kwenye flashi. Anayeing'oa flashi wakati huo anaondoka na faili iliyovunjika.

Sasa, depo likianza kuchelewesha watu, wengi watalaumu jengo: ni la zamani, mlango umeoza. Inawezekana. Lakini inawezekana pia kwamba jengo ni lilelile na mtunza depo amepewa sheria mpya asubuhi hiyo. Sheria mpya za kerneli huja kwa njia ya sasisho, ile ambayo kwa Kifaransa huitwa mise à jour. Anayefomati bila kupima anabomoa jengo kwa sababu ya sheria iliyobadilishwa ofisini.

Makosa yaliyotoka juu

Mfano wa karibuni unajulikana vizuri. Windows 11 ilitolewa tarehe 5 Oktoba 2021. Muda si mrefu, watumiaji wakaanza kuona kwamba diski zao mpya, zenye mwendo mkali, zinaandika polepole kuliko zilivyofanya chini ya Windows 10. Wengi waliambiwa maneno ambayo mtu wa Bengamisa anayajua: labda diski yako ni mbovu, labda ni virusi, sakinisha upya. Baadhi yao hawakukubali. Walipima diski ileile, kwenye kompyuta ileile, chini ya mfumo wa zamani na chini ya mfumo mpya, wakaandika nambari. Wakaona pia jambo la ajabu: sehemu ya diski yenye Windows yenyewe ndiyo iliyokuwa inaumia, na sehemu nyingine zilikuwa zinakimbia kama kawaida.

Hiyo ndiyo alama iliyoonyesha njia. Sehemu yenye Windows ina daftari la ndani ambamo mfumo huandika kila badiliko la kila faili. Tarehe 22 Novemba 2021 Microsoft ilitoa sasisho lenye nambari KB5007262 na kukubali kwamba Windows 11 ilikuwa inafanya kazi zisizo za lazima kila mara kitu kinapoandikwa, pale daftari hilo linapokuwa limewashwa. Kwa lugha ya depo: mtunza alikuwa anafanya mizunguko ya bure kwa kila gunia. Jengo halikuwa na kosa lolote. Kufomati kusingesaidia hata kidogo, kwa sababu Windows 11 mpya ingerudi na mizunguko ileile.

Mfano wa pili ni mchungu zaidi, kwa sababu haukuwa kosa la kusahau. Tarehe 3 Januari 2018 dunia iliambiwa kuhusu udhaifu uliopewa jina Meltdown, uliokuwa ndani ya vichipu vingi vya Intel. Ili kuuziba, Windows na Linux zote zililazimika kuweka ukuta mpya kati ya programu za kawaida na kerneli. Tangu hapo, kila programu inayoomba kusoma au kuandika kwenye diski inavuka ukuta huo kwenda na kurudi. Ni kama mlinzi mpya anayempekua kila mteja mlangoni. Usalama umeongezeka, lakini mstari umekuwa mrefu. Microsoft yenyewe iliandika mwezi huohuo kwamba wenye Windows 7 au 8 kwenye kompyuta za miaka ya 2015 kurudi nyuma, wengi wao wangeona mwendo umepungua.

Kompyuta za aina hiyo ziko wapi leo? Katika ofisi za Brussels au New York zilishatolewa zamani. Zimeuzwa mitumba, zikapanda meli, zikapita kwa wauzaji wa Kampala, Goma au Kinshasa, zikafika Kisangani, na kutoka hapo zikapanda pikipiki kwenda Bengamisa. Gharama ya kurekebisha kosa la kichipu imelipwa na wa mwisho kwenye mstari, yule aliyenunua kompyuta ya mkono wa tatu kwa franka alizochanga kwa miezi. Hakuna aliyemwambia. Aliambiwa tu kwamba ana virusi.

Mfano wa tatu unahusu flashi, chombo ambacho katika sehemu zisizo na intaneti ya uhakika ndicho barabara kuu ya kubeba habari. Kwa miaka mingi, Linux iliruhusu magunia yajae mlangoni mpaka kiasi cha asilimia 20 ya memori iliyopo. Wakati sheria hiyo inabuniwa, memori zilikuwa ndogo na asilimia 20 haikuwa kitu. Kisha kompyuta zikafikia giga 8, ikawa giga moja na nusu na zaidi. Flashi ya bei rahisi inayoandika mega 5 kwa sekunde inahitaji dakika zaidi ya tano kumeza mzigo huo, na katika muda huo programu zingine zinazotaka kuandika zinaweza kusimama zikisubiri. Mwaka 2013 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikubali waziwazi kwamba hesabu hiyo ya asilimia ilikuwa ya enzi za memori za mega chache. Mwanzoni mwa 2017, toleo la 4.10 la Linux lilileta dawa iliyoandikwa na Jens Axboe: kerneli ikajifunza kuandika kidogo kidogo, isiizibie njia kazi ya mtu aliye mbele ya kioo.

Lakini malalamiko kuhusu kompyuta kuganda wakati wa kunakili faili kubwa yalikuwa yamefunguliwa kwenye daftari la makosa la Linux tangu 2008. Kwa nini miaka yote hiyo? Sababu moja inafaa kutafakariwa huku Tshopo. Chini ya ripoti hiyo watu waliandika mamia ya maoni, na wengi walisema jambo moja tu: «Hata yangu ni nzito.» Mmoja alikuwa na diski inayokufa, mwingine memori ndogo, mwingine flashi mbovu, mwingine kosa la kweli la kerneli. Yote yakamwagwa kwenye sufuria moja. Malalamiko mengi yasiyo na nambari hayazai dawa, kwa sababu mtengenezaji hajui ashike wapi.

Nguzo 64 na majaribio 6

Jinsi ya kutafuta kosa si siri ya wasomi. Mtu aliyewahi kufuata waya wa umeme kutoka jenereta mpaka nyumba ya mwisho anaijua. Ikiwa waya unapita kwenye nguzo 64 na taa ya mwisho haiwaki, fundi mwenye akili haanzi kupanda nguzo ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Anapima katikati, kwenye nguzo ya 32. Ikiwa umeme unafika hapo, kosa liko mbele. Kama haufiki, liko nyuma. Anabaki na nguzo 32. Anagawa tena katikati, anabaki na 16. Kwa majaribio 6 tu amefika kwenye waya uliokatika.

Watengenezaji wa Linux hufanya hivyohivyo. Toleo moja la kerneli, linalotoka kila wiki 9 au 10, mara nyingi hubeba mabadiliko zaidi ya 10,000. Mtu akiona kwamba toleo la zamani lilikuwa linakimbia na jipya linakokota, anachukua hali ya katikati, anapima, anatupa nusu isiyo na kosa, anagawa tena. Kwa majaribio yapata 14 badiliko lenye kosa linajulikana, pamoja na jina la aliyeliandika. Hakuna uchawi ndani yake. Kinachohitajika ni kipimo kinachotoa jibu lilelile kila mara, na uvumilivu wa kutobadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja.

Fundi wa kijijini hahitaji kuingia ndani ya kerneli ili kutumia akili hiyo. Hatua nne zinamtosha.

Ya kwanza ni nambari. Neno «nzito» si nambari. Faili ya giga moja inanakiliwa kutoka diski kwenda sehemu nyingine ya diski, saa ya simu inahesabu, matokeo yanaandikwa. Inarudiwa mara tatu. Kuna mtego hapa ambao umewadanganya hata wataalamu: faili ikisomwa mara ya pili, kerneli huitoa kwenye memori, haigusi diski tena, na kipimo kinaonekana kizuri ajabu. Kwa hiyo kompyuta izimwe na kuwashwa upya kabla ya kila kipimo.

Ya pili ni kutenganisha mfumo na chuma. Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote ndani ya diski. Kompyuta ikiwashwa hivyo, diski ileile inapimwa tena kwa kusoma faili ileile. Ikiwa ni nzito vilevile, ugonjwa uko kwenye chuma: diski inakufa, waya umelegea, vumbi na joto vimeingia. Hapo kazi ya kwanza ni kuokoa faili, na kufomati diski ya namna hiyo ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo. Ikiwa sasa inakimbia, chuma ni kizima na kosa liko kwenye mfumo.

Ya tatu ni kuuliza siku. Uzito ulianza lini, na nini kilibadilika siku hiyo? Windows huandika tarehe ya kila sasisho lililoingia, na sasisho moja linaweza kuondolewa lenyewe. Aliyepanda toleo kubwa jipya ana kwa kawaida siku 10 za kurudi nyuma. Ubuntu na ndugu zake wa Linux huweka kerneli ya zamani kando, ikichagulika wakati wa kuwasha. Kurudi nyuma, kupima, kurudi mbele, kupima tena: hiyo ni nusu saa ya kazi, na hakuna faili hata moja inayopotea.

Ya nne ni kuandika. Aina ya kompyuta, aina ya diski, mfumo, nambari kabla na nambari baada. Ukurasa mmoja wa daftari.

Fundi atakayefuata njia hiyo atagundua pia kwamba si kila upungufu wa mwendo ni kosa. Tangu toleo la Oktoba 2018 la Windows 10, flashi na diski za nje hazipewi tena ujanja wa magunia mlangoni, isipokuwa mwenyewe akiuwasha. Kuandika kunaweza kuwa polepole zaidi, lakini anayeing'oa flashi baada ya kazi kumalizika haondoki na faili iliyovunjika. Mahali ambapo jenereta inaweza kuzimika katikati ya neno, hiyo ni bei nzuri. Kupima kunamsaidia mtu kujua lipi ni kosa la kulalamikiwa na lipi ni bei anayolipa kwa ajili ya usalama wake.

Somo la Banalia

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya wenye nafasi, kwamba watu wa teritware ya Banalia wana shida kubwa kuliko mwendo wa diski. Wenyeji wa teritware hiyo wana sababu ya kujibu tofauti. Tarehe 8 Septemba 2021 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa uti wa mgongo umelipuka Banalia. Kufikia siku hiyo watu 261 walikuwa wameshukiwa kuwa nao na 129 walikuwa wamekufa, karibu nusu. Jina la ugonjwa lilithibitishwa baada ya sampuli kuchunguzwa kwenye Institut Pasteur huko Paris. Kabla ya hapo kulikuwa na vifo na kulikuwa na homa. Baada ya jina kujulikana, chanjo iliyofaa ikaletwa.

Homa si jina la ugonjwa. Ni alama tu. Kila muuguzi anajua hilo, na hampi mgonjwa dawa ya malaria kila mara joto linapopanda bila kupima. Uzito wa kompyuta nao ni homa. Virusi ni sababu moja kati ya nyingi.

Na uhusiano si wa mfano tu. Bengamisa ni zone ya afya. Zone za afya za Kongo hutuma ripoti za kila mwezi kwa njia ya DHIS2, programu iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Oslo huko Norwe. Kabla nambari hazijafika huko, zinapita kwenye kompyuta ya mtu fulani, katika chumba fulani, na kwenye flashi fulani. Kompyuta hiyo ikigandisha kazi ya siku mbili, ripoti inachelewa siku mbili. Ikifomatiwa bila nakala, orodha za miezi zinarudi kuwa karatasi zenye unyevu kwenye sanduku. Habari za ugonjwa hazisafiri haraka kuliko chombo dhaifu kuliko vyote njiani.

Majibu kwa wanaopinga

Mafundi wana hoja zao, na si za kipumbavu. Ya kwanza: kufomati kunafanya kazi, mteja anaondoka anacheka. Ni kweli kwamba mfumo mpya huwa mwepesi, kwa kuwa programu zilizojazana zimeondoka na sasisho lenye kosa limeondoka nazo. Lakini sasisho hilo litarudi kompyuta itakapopata intaneti, na mteja atarudi pia, safari hii hacheki. Fundi anayelipwa mara mbili kwa ugonjwa mmoja anapata franka leo na kupoteza jina kesho.

Hoja ya pili: muda. Mteja anasubiri, mafuta ya jenereta yanakwisha. Lakini kufomati, kusakinisha Windows, kutafuta programu na kurudisha faili zilizobaki kunachukua nusu siku. Vipimo vitatu na kuwasha kwa flashi vinachukua chini ya saa moja.

Hoja ya tatu ndiyo ya hatari: kama masasisho ndiyo yanayoleta uzito, basi yazimwe yote milele. Wengi tayari wanafanya hivyo ili kuokoa mega. Jibu lilikuja tarehe 12 Mei 2017, wakati programu mbaya iitwayo WannaCry ilipofunga kompyuta duniani kote na kudai pesa, hata za hospitali za Uingereza. Dawa ya mlango ilioutumia ilikuwa imetolewa na Microsoft tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale waliokuwa hawajaiweka. Anayezima masasisho yote kwa hofu ya uzito anaacha nyumba bila mlango kwa sababu bawaba inapiga kelele. Lililo sawa ni kupima kabla na baada, kuondoa lile moja lenye kosa, na kuacha mengine.

Nani afanye nini

Jambo hili si la fundi peke yake. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 imefika mwisho wa msaada wa kawaida, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Wenye kompyuta hizo watabaki na mfumo usiozibwa, au watahamia Linux. Kwa njia yoyote, miaka inayokuja italeta mabadiliko mengi ya kerneli kwenye mashine zilezile kuukuu. Kupima kutahitajika zaidi kuliko jana.

Chuo Kikuu cha Kisangani kina wanafunzi wanaotafuta mada za TFC kila mwaka. Mada moja iko kilomita 50 kutoka mlangoni mwao: kompyuta 20 za Bengamisa, kila moja ipimwe kabla na baada ya sasisho kubwa, nambari ziandikwe, sababu zitafutwe kwa kugawa katikati. Kazi hiyo haihitaji maabara ya gharama, na ingekuwa na faida kuliko TFC kadhaa zinazorudia maneno ya vitabu. Wanaogawa kompyuta kwa vituo vya afya na shule wangeongeza vitu viwili vya bei ndogo: diski ya pili ya kuwekea nakala, na daftari la mashine, kama lile ambalo dereva mzuri huliweka kwa ajili ya motoka yake. Wenye sekretaria nao wangebandika sheria moja ukutani: hakuna diski inayofutwa kabla ya nakala na kabla ya nambari.

Na nambari hizo zina mahali pa kwenda. Watengenezaji wa Linux wana kanuni iliyoandikwa: kazi iliyokuwa inakwenda vizuri kwenye kerneli ya zamani, ikienda vibaya zaidi kwenye mpya, hilo ni kosa lao, na mtu yeyote duniani ana haki ya kuwaambia. Hawaulizi cheo wala pasipoti. Wanauliza toleo lipi lilikuwa zuri, lipi ni baya, na kipimo ni kipi. Roboti za kupima kerneli, kama ile ya Intel, zinafanya kazi usiku na mchana kwenye maabara za kampuni zenye pesa. Lakini kompyuta ya mkono wa tatu, yenye diski ya kuzunguka, inayoishi kwa paneli za jua na kuandika kwenye flashi ya sokoni, inapimwa vizuri na yule anayeitumia.

Kwa muda mrefu mtu wa Bengamisa amechukuliwa kama mwisho wa njia: kompyuta hufika kwake zikiwa zimechoka, na makosa ya wengine humfikia bila maelezo. Akiwa na saa, kalamu na desturi ya kugawa katikati, anakuwa shahidi, na shahidi mwenye nambari husikilizwa hata akiwa mbali. Kompyuta ikiwa nzito kesho asubuhi, swali la kwanza liwe dogo tu: nzito kwa sekunde ngapi, na tangu siku gani?